Mtaji wa Moyoni Ni wa Nani?

Wasimamizi wa ofisi zetu wamelipenda sana neno moja: ustahimilivu. Liko kwenye matangazo ya kazi, liko kwenye fomu za kutathmini wafanyakazi kila mwisho wa mwaka, na mwalimu wa semina akialikwa hotelini kuwapa watu motisha, atalitamka kabla chai ya saa nne haijaletwa. Mfanyakazi anayetakiwa siku hizi ni yule anayeanguka na kuinuka, anayeona mwanga hata stima ikipotea, na ambaye juu ya hayo yote analeta mawazo mapya. Nyuma ya maneno haya kuna nadharia kamili, yenye wenyewe, na inastahili kusomwa jinsi tunavyosoma kitabu chochote: inasema nini, inanyamazia nini, na imechagua tamathali gani kujieleza.

Nadharia yenyewe inaitwa mtaji wa kisaikolojia. Fred Luthans, mtaalamu wa masuala ya uongozi katika Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, aliieleza kwa urefu katika kitabu alichokiandika pamoja na Carolyn Youssef na Bruce Avolio mwaka 2007. Hoja yao ni rahisi kufuata. Kampuni imezoea kuhesabu pesa ilizo nazo, ujuzi wa watu wake, na watu inaofahamiana nao. Kuna kitu cha nne ambacho haikihesabu: hali ya moyo ya mfanyakazi. Wakaigawa hali hiyo katika nguzo nne, yaani matumaini, kujiamini, ustahimilivu na mtazamo chanya. Wanasisitiza kwamba mtu hazaliwi nazo zikabaki vilevile hadi uzeeni. Zinaweza kukuzwa, na zinaweza kupimwa. Kipimo chao kina maswali 24, sita kwa kila nguzo.

Tusiidharau. Mwaka 2011 James Avey na wenzake walikusanya matokeo ya sampuli 51 zenye wafanyakazi zaidi ya 12,000, wakaona kwamba wenye mtaji huu kwa wingi huridhika zaidi na kazi, hujitolea zaidi, na hufanya kazi vizuri zaidi. Mwaka huohuo, utafiti mwingine ambao Luthans mwenyewe alishiriki uliangalia ubunifu, ukaonyesha kwamba nguzo zote nne zikiunganishwa hubashiri utendaji wa kibunifu kuliko nguzo yoyote ikisimama peke yake. Na ukifikiria kidogo, unaona kwa nini. Wazo jipya linaanza kama kitu dhaifu, cha kuchekwa. Mwenye nalo lazima ajiamini kiasi cha kulitamka, awe na matumaini ya kutafuta njia ya pili ya kwanza ikifungwa, astahimili likikataliwa, na asichukulie kila kukataliwa kama hukumu ya maisha. Fundi yeyote wa jua kali aliyewahi kukunja bati mara tano kabla ya kupata umbo analolitaka anajua habari hii, na hakujazishwa fomu.

Swali langu linahusu asili ya nguzo zenyewe. Luthans na wenzake hawakuzibuni. Kila moja waliichukua kwa mwanasaikolojia mwingine, na ukirudi kwa hao wa kwanza unakuta maneno ambayo hayafiki semina.

Anza na matumaini. Waliyachukua kwa C. R. Snyder, ambaye aliona kuwa matumaini yana sehemu mbili: nguvu ya kutaka, na uwezo wa kuona njia za kufikia unachotaka. Mswahili atacheka hapa, maana penye nia pana njia. Lakini methali yetu inatoa ahadi ambayo Snyder haitoi. Methali inasema nia ikiwepo, njia itakuwepo. Snyder anasema hizo ni sehemu mbili, na unaweza kuwa na moja ukakosa nyingine. Mfanyakazi mwenye nia kali ambaye kila njia inaishia kwenye meza ya mtu asiyejibu barua hana matumaini kwa maana ya Snyder. Ana hamu tu. Na kuna jambo la lugha pia. Katika Kiswahili cha kila siku, kutumaini ni karibu sana na kungoja. Tunatumaini mvua itanyesha. Bosi akikwambia uwe na matumaini, mara nyingi anakwambia ukae.

Kujiamini walikuchukua kwa Albert Bandura, aliyeandika juu ya imani ya mtu katika uwezo wake tangu mwaka 1977. Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kufanya jambo ukafaulu, kumwona mtu kama wewe akifaulu, kuambiwa na mtu unayemwamini kwamba unaweza, na hali ya mwili na hisia zako. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Basi anayetaka wafanyakazi wajiamini awape kazi ya kujaribu, na nafasi ya kuimaliza. Hotuba inaingia kwenye chanzo cha tatu, tena kwa sharti kwamba msemaji anaaminika.

Ustahimilivu nao una mwenyewe. Ann Masten, aliyechunguza watoto waliokua vizuri licha ya shida kubwa, aliandika mwaka 2001 kwamba hakukuta watoto wa ajabu wenye chuma moyoni. Alikuta mambo ya kawaida yakifanya kazi yake: mzazi au mlezi anayejali, akili inayokua vizuri, watu wazima wa kutegemewa, jamii inayofanya kazi. Mtoto alistahimili kwa sababu kulikuwa na kitu cha kushika.

Na mtazamo chanya unatoka kwa Martin Seligman, ambaye kabla ya kuwa maarufu kwa habari za furaha alikuwa maarufu kwa habari ya kukata tamaa. Mwaka 1967 yeye na Steven Maier walionyesha kwamba mbwa waliopigwa na umeme wasioweza kuuzuia, baadaye walilala chini hata pale ambapo wangeweza kuruka na kuepuka. Walisema wanyama hao wamejifunza kutojiweza. Mwaka 2016, karibu miaka hamsini baadaye, wakaisahihisha nadharia yao wenyewe kwa ushahidi wa ubongo. Kulala chini ndiyo hali ya mwanzo ya mnyama anayeteswa muda mrefu. Kinachofunzwa ni kinyume chake: kwamba ninachokifanya kinabadilisha kitu. Msomaji aliyewahi kupeleka pendekezo kwenye sanduku la maoni ambalo halifunguliwi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hivyo wazee wanne wa nadharia hii, kila mmoja kwa njia yake, wanasema nguvu za moyo hutoka kwenye mazingira yanayojibu. Kisha nguvu zikafungwa pamoja, zikaitwa mtaji, na mazingira yakarudi nyuma. Hapa ndipo tamathali inapofanya kazi yake. Mtaji ni kitu cha mtu. Ukifilisika, ni shauri yako. Mtaji pia huwekezwa ili ulete faida, na katika ofisi faida ina mwenyewe, ambaye mara nyingi si yule aliyeutoa moyoni. Watafiti wengi wa nadharia hii hawakatai kwamba uongozi una sehemu yake. Lakini maswali 24 yanamwelekea mfanyakazi. Anayejibu ni yeye, anayepata alama ni yeye, na anayepelekwa semina alama zikiwa chini ni yeye.

Fasihi ya Kiswahili iliwahi kulishughulikia suala hili, miaka zaidi ya hamsini kabla ya kitabu cha Luthans. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951. Tumezoea kukisoma kama fumbo juu ya ukoloni, na sina ugomvi na usomaji huo. Ila jaribu kukisoma pia kama kitabu juu ya mahali pa kazi, na ghafla kinakuwa kitabu cha leo. Kuna nchi inayoelea angani. Wajumbe sita wanatumwa, pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Wanapata taabu njiani, wanaona jinsi wengine wanavyoendesha mambo yao, wanarudi na mapendekezo ya kuifaa nchi. Malipo yao ni kifungo. Baadaye kijana Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha jambo jipya, elimu ya sheria, na katika kujitetea anasimulia barazani habari za hao sita, mmoja baada ya mwingine.

Tazama majina: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Uthibitisho, wema, kukubali, msaada, uradhi, uaminifu. Wajumbe wa Kusadikika ni zile nguvu za moyo zenyewe, zimepewa miguu na kutumwa safari. Kama tungewapa fomu ya maswali 24, wote wangefaulu vizuri sana. Njia wanaitafuta, taabu wanaistahimili, mawazo wanayaleta. Na bado, hadi Karama anaposimama kujitetea, nchi haijapiga hatua hata moja. Kwa upande wa pili amesimama mshtaki, na jina lake ni Majivuno. Shaaban Robert hakuuacha ubaya wa baraza uwe ukungu tu usio na mwenyewe. Aliupa jina la tabia, akaiweka tabia hiyo kwenye kiti cha waziri. Nadharia ya mtaji wa kisaikolojia inapima moyo wa anayetumwa. Kusadikika inapima moyo wa anayepokea ripoti.

Tofauti hii inatusaidia kutenganisha maneno mawili ambayo katika hotuba za ofisini huenda pamoja kama kurwa na doto: ubunifu na uvumbuzi. Ubunifu ni kupata wazo. Uvumbuzi, kwa maana ya kazini, ni wazo kupokelewa, kujaribiwa na kutumika. La kwanza linaweza kutokea ndani ya kichwa cha mtu mmoja usiku wa manane. La pili linahitaji saini, bajeti, na mkubwa ambaye haogopi kuonekana hakulifikiria yeye. Kusadikika ilijaa ubunifu. Haikuwa na uvumbuzi hata kidogo. Kuna kampuni nyingi ziko hivyohivyo, na dawa wanayoandikiwa ni kuongeza ubunifu.

Maisha ya mwandishi mwenyewe yanaongeza kitu. Shaaban Robert alikuwa mwajiriwa. Aliingia idara ya forodha ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1926 na kubaki huko hadi 1944, kisha akapita idara nyingine, na Kusadikika ilipotoka alikuwa bado karani wa serikali. Mwajiri wake alihitaji hati safi na hesabu sahihi. Akili iliyoumba nchi ya angani haikuwa na safu kwenye daftari la forodha. Ikaenda mahali pengine, kwenye tenzi, insha na hadithi. Nguvu za moyo zikikosa mlango kazini hazioshwi na mvua zikaisha. Huondoka na mwenyewe jioni. Ndiyo maana mwalimu yule anaandika riwaya usiku, mhasibu yule ana bendi ya taarab ya harusi, na askari wa lango ana shamba la uyoga nyuma ya nyumba. Bosi akiangalia takwimu zake anasema wafanyakazi wangu hawana ubunifu. Wanao. Hawampi yeye.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hizi ni hadithi, na kwamba Kenya tuna mfano wa uvumbuzi uliofaulu mchana kweupe. Haya, tuuchukue. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa mwaka 2005 haikukusudiwa kuwa M-Pesa hii tunayoijua. Ilibuniwa ili wateja wa shirika la mikopo midogo, Faulu, walipe mikopo yao kwa simu. Nick Hughes wa Vodafone na Susie Lonie, waliokuwa kwenye mradi huo, waliandika baadaye jinsi watu wa majaribio walivyoanza kuitumia kwa mambo yasiyokuwa kwenye mpango. Walitumiana pesa. Waliweka pesa kabla ya safari wakazitoa walikofika. Wenye biashara waliitumia kama sefu ya usiku. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kilichouzwa kwa Wakenya kilikuwa kutuma pesa nyumbani, na habari ya mikopo ikawekwa kando.

Ubunifu mkubwa hapo ulikuwa wa wateja, na hakuna aliyewapa semina. Kazi ya ofisi ilikuwa kuona, kukubali kwamba watu wanatumia chombo vibaya kwa njia iliyo bora, na kuuacha mpango wake wa kwanza. Hilo si jambo dogo. Mpango wa kwanza huwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo huwa na cheo. Kitu kingine kilichosaidia ni kwamba sehemu ya gharama za majaribio ilitoka kwenye mfuko wa serikali ya Uingereza wa kuhimiza ubunifu wa kifedha, kwa hivyo hasara kama ingekuja isingemwangukia mtu mmoja. Ujasiri wa wahusika ulikuwepo, sikatai. Ulikuwa na mahali pa kukanyaga.

Kuna ushahidi wa namna hiyo hata ndani ya taaluma yenyewe ya saikolojia ya kazi. Amy Edmondson wa Harvard alichunguza wodi za hospitali miaka ya 1990, akitarajia kwamba timu bora zingekuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta kinyume: timu zilizoongozwa vizuri zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi. Maelezo aliyofikia ni kwamba katika timu hizo watu waliyasema makosa yao. Kwingine waliyaficha. Mwaka 1999 akaandika juu ya hali aliyoiita usalama wa kisaikolojia, imani ya pamoja kwamba hapa mtu anaweza kuuliza, kukosea na kupendekeza bila kuaibishwa. Hiyo imani haikai moyoni mwa mtu mmoja. Iko kati ya watu, na anayeivunja haraka kuliko wote ni mkubwa mwenye ulimi mkali.

Hata hivyo Shaaban Robert naye hatupi jibu lote. Katika Kusadikika wokovu unatoka juu. Karama anazungumza vizuri, mfalme anasikiliza, wafungwa wanafunguliwa. Ni mwisho mtamu, na ni mwisho wa karani mwaminifu anayeamini kwamba hoja nzuri ikifika kwenye sikio sahihi itapokelewa. Je, mfalme asiposikia? Kwa swali hilo inabidi tuhamie kwenye riwaya nyingine, Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, juu ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Rashidi na wenzake hawana Karama wa kuwasemea barazani. Wanachojifunza ni kwamba mtu mmoja akistahimili mateso anasifiwa kwa uvumilivu, lakini wakisimama pamoja mazungumzo yanabadilika. Bandura aliliona hilo pia, akaandika juu ya imani ya kikundi katika uwezo wake wa pamoja. Katika orodha ya nguzo nne haimo. Si vigumu kuona kwa nini mwajiri hataona haja ya kuiongeza.

Na hapa ndipo neno ustahimilivu linapohitaji kulindwa dhidi ya wapenzi wake. Kwetu, mvumilivu hula mbivu. Ni methali ya mkulima: embe huiva kwa wakati wake, na hakuna mtu anayelizuia. Ikihamishiwa ofisini inabadilika sura, kwa sababu pale kuna mtu ameshika funguo za stoo. Mshahara ukichelewa miezi miwili, mkataba ukiwa wa miezi mitatu mitatu kwa miaka sita, wazo lako likitokea kwenye hotuba ya mkubwa bila jina lako, kisha ukaambiwa ukuze ustahimilivu, umegeuzwa mchezaji wa mchezo ambao mwamuzi anavaa jezi ya timu ya pili. Nadharia ya Luthans haikuandikwa kuhalalisha hayo. Lakini nadharia, kama shairi, haina uwezo wa kuchagua atakayeikariri.

Sisemi fomu zichomwe. Mwajiri anayetaka kujua hali ya mioyo ya watu wake anafanya jambo jema kuliko yule asiyetaka kujua. Ninachodai ni kwamba alama zisomwe kwa pande mbili. Kujiamini kukiwa chini katika idara nzima, hiyo ni habari ya idara, na wa kwanza kuulizwa awe anayeiongoza. Matumaini yakishuka mwaka hadi mwaka, zihesabiwe njia zilizofungwa na nani alizifunga. Mafunzo yakitolewa, yaambatane na kitu ambacho Bandura angekitambua: kazi ndogo ya kujaribu, muda wa kuijaribu, na ruhusa ya kushindwa bila kuandikiwa barua ya onyo.

Kwenye yale maswali 24 ningeongeza moja, nalo lijibiwe na mkubwa akiwa peke yake na kalamu. Mtu wa mwisho aliyekuletea wazo jipya hapa, sasa yuko wapi? Baraza la Kusadikika lingelazimika kuandika: gerezani. Wengine wataandika: alihamishwa, aliacha kazi, yuko ila siku hizi hasemi mikutanoni. Ofisi inayoweza kuandika jina lake, kitu alichobuni na siku kilipoanza kutumika, haina haja kubwa ya semina hotelini, na pesa za ile chai ya saa nne zinaweza kwenda kwenye jaribio la pili.